Tajiri wa Baku na Shule Iliyohitaji Ruhusa

Mwaka 1901 karibu nusu ya mafuta ya petroli yaliyochimbwa duniani yalitoka sehemu moja ndogo: rasi ya Absheron, upande wa magharibi wa Bahari ya Kaspi, ulipo mji wa Baku. Leo Baku ni mji mkuu wa Azerbaijan; wakati ule ulikuwa chini ya Dola ya Urusi. Mwezi Oktoba wa mwaka huohuo, katikati ya mji, ilifunguliwa shule ya wasichana wa Kiislamu iliyofundisha hesabu, jiografia na lugha sambamba na dini. Wanafunzi wake wa kwanza hawakufika 60. Aliyeunganisha visima na shule hiyo ni Haji Zeynalabdin Taghiyev, mtoto wa fundi viatu ambaye mwenyewe hakupata kukaa darasani. Wanaomsifu husifu zaidi mkono wake mwepesi wa kutoa, na ni kweli alitoa sana. Lakini matajiri wa mafuta waliotoa fedha ni wengi, Baku na kwingineko, na wachache wameacha alama inayolingana na yake. Nashikilia kwamba zawadi kubwa ya Taghiyev kwa elimu haikuwa fedha. Ilikuwa kazi ndefu, isiyo na fahari, ya kutafuta ruhusa: ruhusa ya serikali, ruhusa ya maulamaa na, iliyo ngumu kuliko zote, ruhusa ya wazazi.

Habari za utajiri wake husimuliwa kama bahati, ila mwanzo wake ni sheria. Hadi mwaka 1872 serikali ya Urusi ilikuwa ikikodisha visima vya Baku kwa mkataba wa miaka michache kwa mzabuni mmoja. Mtu asiyejua kama mwaka kesho kutwa kisima kitakuwa bado mikononi mwake hana sababu ya kununua mashine, na ndiyo maana mafuta mengi yaliendelea kuchotwa kwa ndoo kutoka mashimo yaliyochimbwa kwa mikono. Kuanzia 1873 utaratibu huo ulifutwa, na vitalu vikaachiwa yeyote aliyeweza kulipa. Mwaka huo ndio Robert Nobel, kutoka ile familia ya Kiswidi, alifika Baku akitafuta mbao za kutengenezea vitako vya bunduki, akaishia kununua kiwanda cha kusafishia mafuta. Na mwaka huohuo Taghiyev, pamoja na wenzake, alikodi ardhi Bibi-Heybat, kusini ya mji. Hakuwa tena yule mtoto aliyezaliwa ndani ya kuta za mji mkongwe, akafiwa na mama mapema na kupelekwa na baba yake kwa waashi akiwa na umri wa miaka kama kumi. Alikuwa ameanza kwa kubeba udongo, akajifunza kuchonga mawe, akawa mkandarasi wa majengo. Uchimbaji uliendelea miaka kadhaa bila kuona tone la maana. Wenzake wakachoka, wakamuuzia hisa zao. Mwishoni mwa miaka ya 1870 mafuta yakafoka yenyewe kutoka ardhini, na mwashi akawa milionea.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Reli ya kutoka Baku hadi bandari ya Batumi kwenye Bahari Nyeusi ilikamilika 1883, na mafuta ya taa ya Baku yakapata njia ya kwenda duniani. Mwaka 1892 meli iitwayo Murex, ya mfanyabiashara Marcus Samuel wa London, ilipita Mfereji wa Suez ikiwa imesheheni mafuta ya taa ya Batumi, ikayafikisha hadi Asia ya Kusini-Mashariki. Ushindani dhidi ya akina Nobel na akina Rothschild ulikuwa mkali, na Taghiyev alijua wakati wa kutoka: mwaka 1897 aliiuza kampuni yake kwa wawekezaji wa Kiingereza kwa rubli milioni tano, akaelekeza sehemu ya mtaji wake kwenye kiwanda kikubwa cha nguo za pamba nje kidogo ya mji.

Hata kabla ya kuuza alikuwa ameanza kutumia. Mwaka 1883 alijenga jumba la maonyesho, la kwanza la aina yake Baku. Mwaka 1897 alinunua gazeti la Kirusi, Kaspi, akalikabidhi kwa mwanasheria Alimardan Topchubashov, nalo likawa sauti ya Waislamu wa Kaukasi. Alisomesha vijana katika vyuo vikuu vya Urusi na Ulaya. Mmoja wao, Nariman Narimanov, alisomea udaktari Odessa kwa msaada wake. Jumba lile la maonyesho linastahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu linatuonyesha jamii aliyokuwa akiishughulikia. Mnamo Januari 1908 ilionyeshwa humo Leyli na Majnun ya Uzeyir Hajibeyov, inayohesabiwa kuwa opera ya kwanza katika ulimwengu wa Kiislamu. Leyli, msichana ambaye ndiye kiini cha kisa kizima, aliigizwa na kijana wa kiume, maana hakuna mwanamke wa Kiislamu mjini Baku ambaye angethubutu kupanda jukwaani. Mji ulikuwa na reli, umeme na mabenki, na matajiri wake walijenga majumba ya kushindana na Paris, lakini mwanamke hakuweza kuonekana akiimba hadharani. Kuupa mji kama huo shule ya wasichana hakukuwa suala la kuwa na fedha za matofali. Kwa matofali, mwashi huyu asingehitaji msaada wa yeyote.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa serikali. Utawala wa Tsar haukuwa na hamu ya kuona raia wake Waislamu wakifungua shule zao zisizo za dini. Uliogopa siasa zitakazozaliwa humo. Ombi la Taghiyev katika enzi ya Alexander III lilikataliwa. Alipokufa mfalme huyo na Nicholas II kutawazwa mwaka 1896, Taghiyev hakurudia ombi lilelile kwa njia ileile. Safari hii aliomba shule ichukue jina la Malkia Alexandra Feodorovna, mke wa mfalme mpya, na akaweka mezani rubli 150,000, sehemu kubwa yake ikiwa mtaji usioguswa ambao mapato yake yangeendesha shule mwaka hadi mwaka. Msomaji wa pwani yetu ataitambua mara moja sura ya mpango huu: ni jirani wa wakfu. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Afisa aliyetaka kukataa hakuweza tena kusema kwamba shule itakuwa mzigo kwa hazina, wala hakuweza kuzuia kwa urahisi kitu kilichobeba jina la malkia. Kibali kikatoka, na mchoraji majengo wa Kipolandi, Józef Gosławski, akapewa kazi ya kuchora jengo.

Mlango wa pili ulikuwa mzito zaidi. Baadhi ya maulamaa wa Baku walishika kwamba kumpeleka msichana kwenye shule ya namna hiyo ni kuvunja sheria ya Mwenyezi Mungu, na neno lao lilikuwa na nguvu sokoni na misikitini. Taghiyev angeweza kuwapuuza. Wapo wasomi wa wakati wake waliowadharau masheikh na kuwaandikia kejeli magazetini. Yeye, Mwislamu aliyehiji na kuitwa Haji kwa haki, alichagua njia nyingine. Inasimuliwa Baku mpaka leo kwamba alimgharimia mwanachuoni mmoja safari ya kwenda Makka, Madina, Karbala, Cairo, Istanbul na miji mingine yenye wanavyuoni wakubwa, ili alete maandishi yenye sahihi zao kwamba dini haimkatazi msichana kusoma. Mpinzani aliyemnyooshea kidole Taghiyev sasa ilimpasa kuwanyooshea kidole wanavyuoni wa Karbala na Cairo, tena katika lugha ya fikihi anayoiheshimu mwenyewe. Naiona hatua hii kuwa ya busara kuliko zote alizochukua, na sababu yangu si kwamba iliwanyamazisha watu. Iliwapa wasiwasi wao heshima ya kujibiwa. Mzazi aliyeogopa dhambi hakuambiwa kwamba hofu yake ni ujinga. Aliletewa jibu kutoka kwa wale anaowaamini.

Uamuzi wa mzazi, hata hivyo, haufanywi na fatwa peke yake. Mzazi huuliza ni nani atakayekaa na mwanangu, na hapo uteuzi wa mwalimu mkuu ulikuwa na maana kubwa. Aliteuliwa Hanifa Malikova, mwanamke aliyesoma Tiflis wakati ambapo wanawake wa Kiislamu waliosoma shule za aina hiyo katika Kaukasi walikuwa wa kuhesabika, na mke wa Hasan bey Zardabi, aliyeanzisha mwaka 1875 gazeti la Akinchi, la kwanza kwa Kituruki cha Azerbaijan. Chini yake walifundisha wanawake, miongoni mwao Sakina Akhundzadeh, aliyesomesha dini na baadaye akaandika tamthilia. Kwa hiyo, mzazi aliyekuja kutazama aliona mwanamke mwenye heshima zake, mwenye mume na watoto, Mwislamu, msomi. Aliona kitu ambacho binti yake angeweza kuwa bila kupotea. Watoto wa familia zisizo na uwezo walipata nafasi bila ada, na kwa kuwa shule ilikuwa ya bweni, msichana hakulazimika kupita mitaani kila siku chini ya macho na maneno ya watu. Haya ni mambo madogo ambayo hayaonekani kwenye picha za uzinduzi. Lakini shule za wasichana za Kirusi zilikuwepo Baku kabla ya hapo, na wazazi wa Kiislamu hawakuzikimbilia. Jengo si lililokosekana. Kilichokosekana ni imani ya mzazi, na imani hiyo ilipatikana kwa kujibu swali baada ya swali.

Hoja hii ina wapinzani, na baadhi yao wana haki. Wa kwanza atauliza fedha hizo zilitoka wapi. Visima vya Baku vilikuwa mahali pa mateso: saa nyingi za kazi, mioto, hewa yenye sumu, vibanda vya kulala vilivyojaa watu na masizi. Hasira za wafanyakazi zilizaa migomo mikubwa, na mgomo wa Desemba 1904 uliwalazimisha wenye visima kusaini mkataba wa pamoja na wafanyakazi, jambo lisilokuwa la kawaida katika Urusi nzima. Taghiyev hakuwa malaika ndani ya mji huo. Alikuwa mwajiri mwenye mamlaka ya kutisha, na mwaka 1912 alifikishwa mahakamani kwa tuhuma za kuhusika na kuteswa kwa mhandisi aliyekuwa mwajiriwa wake. Sioni faida ya kuyaficha haya, wala sidhani kwamba shule inayafuta. Mfanyakazi aliyeumia kisimani halipwi fidia na msichana anayejifunza kusoma. Ninachokataa ni hatua inayofuata katika hoja hiyo, kwamba kwa sababu fedha zilikuwa na doa basi kilichofanywa nazo hakina la kutufundisha. Wenye visima wote wa Baku walikuwa na fedha za aina moja. Tofauti iko katika walichozifanyia, na tofauti hiyo ndiyo inayohitaji maelezo.

Mpinzani wa pili atasema kwamba shule yenye jina la malkia wa Urusi, ikifundisha Kirusi, ilikuwa chombo cha ukoloni. Hili linagusa sana nchi zetu, ambako shule iliingia mara nyingi ikiwa imeshikana mkono na bendera ya kigeni. Ni kweli kwamba Kirusi kilikuwa na nafasi kubwa darasani na kwamba Taghiyev alivaa nishani za Tsar bila kuona aibu. Lakini lugha ya wenyeji na masomo ya dini navyo vilikuwa kwenye ratiba, na gazeti lake la Kaspi lilitetea haki za Waislamu kwa lugha ambayo watawala walilazimika kuisoma. Tena, tutazame kilichotokea baadaye. Mnamo Mei 1918, dola ya Tsar ikiwa imeporomoka, Azerbaijan ilijitangazia uhuru, na Bunge lake lilifanya kikao cha kwanza tarehe 7 Desemba mwaka huo ndani ya jengo la shule ya Taghiyev. Jamhuri hiyo iliwapa wanawake haki ya kupiga kura. Wanawake wa Ufaransa waliipata 1944. Sidai kwamba shule moja ilizaa sheria hiyo. Nadai kwamba wanasiasa waliokaa katika jengo lile walikuwa wameishi miaka 17 katika mji ambao wasichana wake walisoma na mbingu haikuanguka, na kwamba jina la malkia halikuzuia lolote kati ya hayo.

Mpinzani wa tatu ndiye mwenye nguvu kuliko wote, na anazungumza kwa tarakimu. Wasichana wasiofika 60, hata wakiongezeka mwaka hadi mwaka, ni tone. Jeshi Jekundu liliingia Baku tarehe 28 Aprili 1920, na katika miaka iliyofuata utawala wa Kisovieti uliwafundisha kusoma wanawake wengi kuliko ambao tajiri yeyote angeweza kuwaota. Je, si afadhali serikali yenye nguvu ifanye kwa amri kile ambacho mfadhili anakibembeleza kwa miaka? Kwa idadi, jibu ni ndiyo, na sitalizunguka. Lakini kampeni zilezile zilipofika mwishoni mwa miaka ya 1920, wanawake wakihimizwa kuvua shela hadharani, wapo waliouawa na jamaa zao wenyewe, mikononi mwa baba na kaka ambao hakuna aliyewahi kuwajibu maswali yao. Amri ilifika mbali kuliko ruhusa, lakini ilipokuta ruhusa haipo, aliyelipa gharama ni mwanamke. Na mwaka 1920 serikali mpya ilipohitaji wanawake wa kusimama darasani mbele ya wasichana wa Kiislamu, haikuanza na mikono mitupu: walikuwepo wanawake waliosoma na waliofundisha katika shule ya Taghiyev. Mwalimu huchukua miaka kumwandaa, na hakuna amri inayoifupisha miaka hiyo.

Taghiyev mwenyewe alinyang'anywa karibu kila kitu. Jumba lake mjini lilitaifishwa, na leo ndilo Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Azerbaijan. Mwenzake Murtuza Mukhtarov, tajiri mwingine wa mafuta, alijiua mwaka 1920 askari walipoivamia nyumba yake. Taghiyev aliachwa aishi katika nyumba yake ya mapumziko kijijini Mardakan, na aliyekuwa kiongozi wa serikali mpya ya Baku wakati huo alikuwa Nariman Narimanov, yule daktari aliyesomeshwa naye Odessa. Alifia huko tarehe 1 Septemba 1924. Mkewe, Sona Arablinskaya, binti wa jenerali, alimaliza siku zake mwaka 1938 katika ufukara mkubwa. Ni sehemu ya habari yake inayostahili kusemwa wazi, hasa na wanaoamini kwamba historia huwalipa wema kwa wema.

Nimesisitiza ruhusa kwa sababu suala lenyewe liko mlangoni petu. Mafuta yamegunduliwa kando ya Ziwa Albert na katika bonde la Lokichar kule Turkana. Gesi ya Songosongo imekuwa ikiwasha mitambo ya Dar es Salaam tangu 2004. Mahali pote panapochimbwa, kampuni na matajiri huahidi madarasa, na darasa lina faida yake: linaonekana, linapigwa picha, linaandikwa jina ukutani. Lakini binti anayeacha shule huko huenda haachi kwa kukosa paa. Anaweza kuacha kwa sababu njia ni ndefu na ina hatari, kwa sababu hakuna mwalimu mwanamke, kwa sababu mahari imeshazungumzwa, au kwa sababu baba haamini kwamba atakayerudi kutoka bwenini atakuwa bado binti yake. Mfadhili anayejenga bila kuyauliza hayo anaweza kutumia fedha nyingi kuliko Taghiyev na kufanya kidogo kuliko yeye.

Yako mashaka mengine ninayokubaliana nayo nusu: kwamba si vyema elimu ya watoto itegemee moyo wa mtu mmoja tajiri, ambaye kesho anaweza kufilisika, kuchukia au kufa. Ni kweli, na mtaji ule usioguswa ulikwenda na mapinduzi. Ila katika Baku mpaka kati ya mfadhili na taifa ulivukwa haraka, tena katika mwelekeo unaotakiwa. Mwaka 1919 ile Jamhuri changa, ikiwa na vita mipakani na hazina dhaifu, ilifungua Chuo Kikuu cha Baku. Mwaka huohuo Bunge lake lilipitisha sheria ya kuwapeleka vijana 100 kusoma katika vyuo vikuu vya nje kwa gharama ya serikali: uhandisi, kilimo, udaktari, sheria. Taghiyev alikuwa amefanya hivyo kwa fedha zake kwa miaka mingi, kijana mmoja mmoja, na wabunge waliopiga kura waliwajua kwa majina baadhi ya vijana hao.